Kuku Mgeni na Kamba Yake: Historia ya Kumwingiza Kuku Mdogo Kwenye Kundi la Wakubwa

Kila aliyewahi kufuga kuku uani anaijua sinema hii. Nyumbani kuna kuku wanane, wakubwa, wametulia, kila mmoja anajua pa kulala. Jumamosi mwenye nyumba anarudi kutoka sokoni na boksi lenye kuku watatu wadogo, manyoya yanang'aa, bei ilikuwa poa. Anafungua boksi katikati ya uwanja, anawarushia wote mahindi, halafu anaingia ndani akijua mambo yamekwisha.

Dakika mbili tu, vumbi linatimka. Mmoja amejibanza nyuma ya pipa la maji. Wa pili yuko juu ya ukuta wa jirani na hana mpango wa kushuka. Wa tatu yuko chini, koo mkubwa wa pale nyumbani amemkanyaga mgongoni anamdonoa utosini. Kufika Jumatatu mmoja hali chakula, na mwingine ana kidonda kichwani ambacho wote wanakikodolea macho.

Mwenye kuku anabaki anajiuliza: si kuku kwa kuku hawa? Roho mbaya hii wameitoa wapi?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko mtaa wowote wa Dar au Nairobi. Watu wamehangaika nalo kwa karne na karne, na wengi waliolipatia dawa hakuna anayewajua kwa majina.

Porini hakuna boksi

Kuku wote wa leo, wa kienyeji, wa mayai na wa nyama, asili yao ni kuku mwitu mwekundu wa Kusini-Mashariki mwa Asia. Mifupa ya zamani zaidi ambayo wanaakiolojia wana uhakika kuwa ni ya kuku wa kufugwa ilipatikana Ban Non Wat, katikati ya Thailand, na ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Inavyoonekana, ndege hao walisogea karibu na watu kwa kufuata nafaka. Mpunga na mtama vilipoanza kulimwa na kuanikwa, kuku mwitu wakaona pa kula bure, wakazoea.

Porini kuku mwitu anaishi kwenye kundi dogo: jogoo, majike kadhaa na watoto. Na mtoto anaingia kwenye kundi kwa mlango mmoja tu, nao ni mgongo wa mama yake. Anaanguliwa, anafuata, anajifunza nani wa kumpisha na nani wa kumkwepa, huku mama akiwa tayari kumrukia yeyote atakayemgusa. Akikua, wakubwa wameshamzoea.

Kule hakuna boksi la Jumamosi. Hakuna kuku wa miezi miwili, hana mama, anayetokea ghafla katikati ya uwanja wa watu. Shida hiyo ni ya kutengenezwa na binadamu. Siku ya kwanza mtu alipobadilishana kuku na jirani yake, au alipompa mgeni kuku wa zawadi, ndiyo siku kuku wa kwanza alijikuta kwenye nyumba ya wenyewe.

Wazungu wa kale nao waliliona

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliliona jambo hili na kuliandika. Kwenye kitabu chake cha habari za wanyama anaeleza kuhusu mahekalu yaliyofuga majogoo watupu, bila majike, kwa sababu walikuwa sadaka. Jogoo mpya akiletwa pale, anasema, wale waliomtangulia wote humpanda. Aristotle analitaja kama jambo la kawaida tu, haendi mbali zaidi. Ila unapata picha kwamba hata hekaluni mgeni alipokelewa kwa fujo.

Warumi walikuwa watu wa shamba, wao walitaka kujua la kufanya. Columella, aliyeandika kuhusu kilimo katika karne ya 1, alishauri kukusanya vifaranga wa kuku wawili watatu na kumkabidhi mama mmoja, ila lifanyike mapema kabisa, siku ya kwanza, kabla mama hajaweza kuwatofautisha wa kwake na wa mwenzake. Na wasizidi thelathini kwa mama mmoja.

Ushauri huo una akili ndani yake. Unaurudisha mlango ule wa porini. Kifaranga haingii kama mgeni, anaingia kama mtoto wa nyumbani. Mbinu hiyohiyo bado inatumika vijijini hadi leo: vifaranga wa kununuliwa wanasukumwa gizani chini ya mbawa za kuku aliyemaliza kuatamia, na kukipambazuka mama anawahesabu wote ni wake. Dawa hiyo ina sharti moja tu, kwamba vifaranga wawe wachanga bado. Wakishafikisha wiki kadhaa, hakuna mama atakayedanganyika.

Kamba mguuni

Kuku aliingia Afrika kwa njia zaidi ya moja. Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, wataalamu wamekuta mifupa ya kuku wa karne nyingi kabla ya Kristo. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kuku wanaonekana katika miji ya kale ya milenia ya kwanza baada ya Kristo, mahali kama Unguja Ukuu, enzi za majahazi na biashara ya Bahari ya Hindi.

Akazoea haraka sana, mpaka lugha ikampangia vyeo kwa umri. Kifaranga ni yule mtoto. Pora ni dume kijana ambaye bado hajawika. Tembe ni jike aliyekaribia kutaga lakini hajataga. Koo ni jike mzazi. Jimbi ni baba mwenye nyumba. Lugha inayomtenga tembe na koo kwa neno ni lugha ya watu waliokaa wakawatazama kuku wao vizuri. Walijua kwamba hawa wawili, hata wakifanana ukubwa, hawana heshima sawa mbele ya bakuli.

Watu haohao ndio waliotuachia methali: kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Siku hizi methali hiyo inasemwa kwa watu. Mgeni hata ajifiche vipi, kuna kitu kitamuumbua, iwe lafudhi, mavazi au namna anavyouliza njia. Ila kabla haijawa ya watu ilikuwa ya kuku kwelikweli. Kuku alikuwa anahama sana zamani. Mgeni akiondoka anafungiwa kuku. Mkwe akija analetewa kuku. Mtu asiye na kuku anapewa jike alifuge, vifaranga wakipatikana wanagawana na mwenyewe. Kila kuku wa namna hiyo aliingia kwenye uwanja asioujua, na akiachiwa tu, ama anatoroka kurudi alikotoka, ama anakimbizwa na wenyeji hadi anaishia vichakani kwa kicheche.

Basi anafungwa kamba mguuni. Kamba inafungwa kwenye mguu wa meza jikoni, au kwenye mti karibu na mlango, mahali ambapo macho ya mama mwenye nyumba yanafika. Analetewa chakula palepale. Wenyeji wanapita, wanamtazama, wanamnyooshea shingo, wengine wanajaribu kumdonoa wanafukuzwa na mwiko. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jioni anaingizwa ndani na wenzake, asubuhi anafungwa tena. Siku moja kamba inafunguliwa, na kuku anabaki palepale anachakura kama amezaliwa hapo.

Nani aliyeanza? Hajulikani. Huenda ni watu elfu moja, kila mmoja kwa kijiji chake. Lakini ile kamba ilikuwa inafanya kazi tatu kwa mpigo. Inamzuia mgeni kukimbia. Inawapa wenyeji muda wa kuuzoea uso wake. Na inampa mwenye kuku siku kadhaa za kumchunguza kama ana mafua, kinyesi cha kijani au shingo iliyolegea.

Ina udhaifu wake pia, na si vizuri kuupamba. Kuku aliyefungwa hawezi kukimbia akidonolewa. Asipoangaliwa kamba inamkata mguu. Na kama amekuja na mdondo, ule ugonjwa ambao wengine wanauita kideri, siku tatu jikoni karibu na wenzake zinatosha kuua kundi zima. Kamba ilikuwa nusu ya dawa, nusu ya pili ilikuwa jicho la mwenye kuku.

Kijana wa Oslo na daftari lake

Sasa turukie kaskazini kabisa, Norway, mwanzoni mwa karne ya 20, maana huko ndiko swali la kwa nini lilikopata jibu. Mwaka 1894, kwenye mji ambao leo unaitwa Oslo, alizaliwa mtoto wa wazazi wawili wachongaji wa sanamu. Dogo alikuwa na mapenzi ya ajabu na kuku. Familia ikienda mapumzikoni wakati wa joto, wenzake wanacheza, yeye yuko bandani. Alimjua kila kuku kwa uso wake. Alipofikisha miaka 10 hivi alikuwa na daftari, anaandika nani kamdonoa nani.

Alichokiona ni kwamba kudonoana kule hakukuwa fujo, kulikuwa na mpangilio. Kuku wa kwanza anamdonoa yeyote na hakuna anayemjibu. Wa pili anawadonoa wote isipokuwa wa kwanza. Inashuka hivyohivyo hadi yule wa mwisho kabisa, anayedonolewa na wote na yeye hana wa kumdonoa. Mara nyingine aliona pembetatu: huyu anamtawala yule, yule anamtawala wa tatu, halafu wa tatu anakuja kumtawala wa kwanza. Kuku nao wana siasa zao.

Kijana huyo, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyageuza madaftari yake kuwa utafiti wa shahada ya udaktari. Na hapo ndipo stori inapochukua kona. Inasimuliwa kwamba profesa mkubwa wa zoolojia aliyekuwa akimshika mkono kule Oslo alisoma makala ya kejeli iliyomdhihaki, akaamini kwamba kijana wake ndiye aliyeiandika. Familia ya kijana ilisema hakuwa yeye. Hata hivyo mkono ukaondolewa, na milango ya chuo cha nyumbani ikafungwa. Ikabidi aende Greifswald, Ujerumani, na shahada akaipatia huko mwaka 1921. Mwaka uliofuata utafiti wake ukachapishwa kwa Kijerumani, na wazo la ngazi ya kudonoana likaanza kuzunguka dunia.

Leo wazo hilo limetoka bandani limeingia maofisini. Watu wanalitumia kueleza nani anaongea kwanza kwenye kikao na nani anatumwa chai. Aliyeligundua mwenyewe alimalizikia pembeni ya chakula, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake akiandika mashairi na makala, nje ya chuo ambacho kingepaswa kujivunia kuwa naye.

Mechi 24 kwa siku moja

Ugunduzi wake ndio unaoeleza lile vumbi la Jumamosi. Kuku wa nyumbani hawagombani kila siku kwa sababu walishagombana zamani, kila mmoja anakumbuka matokeo. Mgeni hana matokeo. Hayuko juu, hayuko chini, hayupo kabisa kwenye msimamo wa ligi. Kwa hiyo lazima acheze na kila mmoja. Wenyeji wanane kwa wageni watatu ni mechi 24, na zote zinataka kuchezwa siku ileile, uwanja uleule, karibu na bakuli lilelile.

Kama mgeni ni mdogo, mechi zote anafungwa. Hana uzito, hana mbinu, na mbaya zaidi, hajui ishara. Kuku mkubwa akiinua shingo kidogo, kuku mwenzake anaelewa na kupisha. Mdogo haelewi, anaendelea kula, anadonolewa. Vifaranga huanza kupangana ngazi zao wenyewe kwenye wiki ya sita hadi ya kumi hivi, kwa hiyo wa miezi miwili ndiyo kwanza anajifunza alfabeti.

Na kuku wanatambuana kwa kichwa, hasa upanga na uso. Watafiti wa Kansas, Marekani, miaka ya 1950, walijaribu kubadilisha muonekano wa kichwa cha kuku aliyezoeleka, na wenzake wakamshukia kana kwamba hawajawahi kumuona. Ndiyo maana hata kuku wa nyumbani aliyetengwa wiki kadhaa kwa ugonjwa, akirudishwa anaweza kupokelewa kama mgeni.

Gharama yake haiishii kwenye manyoya. Mwaka 1944 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio ya kulinganisha makundi yaliyotulia na makundi yaliyokuwa yakibadilishwa wanachama mara kwa mara. Wale wa kubadilishwabadilishwa walidonoana zaidi, walikula kidogo, walikuwa na uzito mdogo na walitaga mayai machache. Mfugaji anayeongeza kuku mmoja leo, mmoja wiki ijayo na mmoja mwisho wa mwezi anavunja ligi kila mara inapotaka kuisha. Mayai yakipungua anamlaumu muuza chakula.

Kamba imegeuka wavu

Njia inayofundishwa leo duniani, ukiitazama vizuri, ni ile kamba ya jikoni iliyovaa nguo mpya.

Kwanza, mgeni anakaa mbali kabisa, banda lake, vyombo vyake, kwa wiki mbili hadi nne. Hapa ndipo udhaifu wa kamba ulipozibwa. Wenyeji wawe wamechanjwa mdondo, na mgeni naye. Chanjo ya matone ya jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi imewasaidia wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji Tanzania, na bei yake haifikii hata kuku mmoja aliyekufa.

Pili, wageni wanasogezwa jirani na wenyeji, katikati kuna wavu. Wanaonana, wanakula wakitazamana, lakini mdomo haufiki. Wiki moja ni nzuri, mbili ni bora. Ndiyo kazi ileile ya kamba, kuzoeana nyuso, ila safari hii mgeni ana ukuta wa kumlinda.

Tatu, umbo. Tembe anayekaribia ukubwa wa wenyeji ana nafasi kubwa ya kupona kuliko wa wiki sita. Haraka ya kuwaunganisha mapema ndiyo inayoua wengi. Kuna na sababu ya chakula: chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu nyingi ambayo si nzuri kwa figo za kuku anayekua. Wakishachanganywa, wote wapewe chakula cha kukuzia, na wanaotaga wawekewe maganda ya kome yaliyosagwa pembeni.

Nne, asiingie peke yake. Kuku mmoja mgeni anabeba mashambulizi yote ya wenyeji, wawili watatu wanagawana, na usiku wanakuwa na wa kulala naye ubavuni. Siku ya kuwaunganisha, bakuli ziongezwe na zitawanywe, vyombo vya maji pia, ili mkubwa mmoja asiweze kulinda kila kitu. Mbao zilizoegemezwa ukutani na matawi vinampa mdogo pa kujificha, mradi kuwe na njia mbili za kutokea, maana kona isiyo na mlango wa pili ni mtego.

Tano, usiku. Kuku gizani haoni vizuri na hana hamu ya ugomvi. Wageni wakiwekwa kwenye fito za kulalia wakati wote wamesinzia, wanaamka pamoja. Watu wengine wanaichukulia mbinu hii kama uchawi, wanaenda kulala. Asubuhi macho yanarudi na ligi inaanza, kwa hiyo mwenye kuku awepo bandani kabla jua halijatoka.

Halafu kuna kuvumilia. Kudonoana kidogo na kukimbizana ni lazima, ndiyo lugha yao ya kupangana. Kuingilia kila mdono ni kurefusha mambo. Mpaka wa kuingilia ni damu. Damu ikionekana, aliyeumia atolewe papo hapo, maana kuku wakiona pekundu hawaachi, hata wale wapole. Na kama kuna jike mmoja tu anayewatesa wote, mara nyingi kumtoa huyo siku tatu nne kunafaa kuliko kuwatoa wageni. Akirudi, yeye ndiye anayeingia uwanjani kama mgeni.

Kwa kawaida ndani ya wiki chache mambo yanatulia. Wadogo watakuwa chini ya ngazi, watakula mwisho, lakini watakula. Wakianza kutaga, baadhi yao wanapanda.

Majina yaliyobaki na yaliyopotea

Dunia inalikumbuka jina la kijana wa Oslo, na anastahili. Aliyetazama kuku miaka yote ile hadi akawaelewa si mtu wa kawaida, na malipo aliyopata kwao ni kudonolewa hadi akatoka bandani.

Ila yule mwanamke wa pwani aliyechukua kipande cha ukambaa, akamfunga kuku mguuni, akamfunga tena kesho yake, akawafukuza wenyeji kwa mwiko huku chungu kikichemka, yeye hana jina popote. Hakuandika kwamba kuku wana ngazi. Alichojua ni kwamba mgeni akiingizwa ghafla na peke yake, anaumia, na kwamba siku chache za kuonana bila kugusana zinaweza kumuokoa. Amebaki ndani ya maneno matano ambayo watu wanayasema kila siku wakicheka wageni, wengi wao hawajawahi hata kumshika kuku.

Na Jumamosi ijayo kuna mtu atatoka sokoni na boksi.